Mtoto wa Idara

Neno moja tu ndilo lililomponza Mama Mapazia, na wala halikuwa tusi. Alilisema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mtu wa serikali, na kwa miaka mitatu alitembea mtaani kifua mbele kwa sababu ya neno hilo. Siku lilipomgeukia alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi ya ustawi wa jamii, mkoba kwapani, Chiriku kando yake, na nyuma yao foleni ya watu walionyamaza ili wasikie vizuri.

"Huyu si wetu tena, mama," afisa alisema. "Ulimchukua wewe."

Alikuwa kijana mstaarabu, si wa kumfokea mtu, na huo ustaarabu ndio uliomuudhi Mama Mapazia zaidi, maana huwezi kugombana na mtu anayekuita mama kila akifungua kinywa. Alieleza taratibu. Sheria ilikuwepo, tena nzuri. Mtoto aliyelelewa chini ya idara, akitimiza miaka kumi na minane akiwa bado masomoni, idara haimwachi njiani. Inamlipia ada, inahakikisha ana pa kulala, inampa mtu wa kumfuatilia mpaka afike ishirini na mmoja. Ila lazima awe mtoto wa idara siku anapotimiza umri huo. Chiriku alikuwa ametimiza mwezi uliopita, na siku hiyo hakuwa mtoto wa idara.

"Ulikuja hapa ukasema hutaki posho, ukasema ni mwanao. Tukakupongeza, tukafunga faili lake. Sasa mwanao anasomeshwa na wewe, mama."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka puani. Mama Mapazia hakubisha, kwa sababu yote yaliyosemwa yalikuwa kweli. Akaeleza kwamba mume wake hafanyi kazi tena, kwamba siku hizi watu wananunua mapazia ya dukani yaliyokwisha kushonwa, kwamba binti yuko mwaka wa pili wa ufundi wa majokofu na chuo kimemrudisha getini na begi lake, na asipofanya mitihani ya muhula huu nafasi yake anapewa mwingine. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, kisha akamtazama aliyefuata kwenye foleni.

Chiriku, ambaye jina hilo alilipata kwa mdomo usiojua kupumzika, hakutamka lolote njia nzima ya kurudi nyumbani.

*

Alikotoka Chiriku hakuna haja ya kuchimbua hapa. Inatosha kwamba mahakama iliamua hawezi kurudi huko, na idara ikamleta kwa Mama Mapazia akiwa na miaka tisa, akiwa na viatu vya mtu mwingine miguuni na maswali yasiyoisha. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na sebule yenyewe iligawanywa kwa pazia la vipande vya rangi saba, masalia ya kazi za wateja. Nyuma ya pazia hilo ndipo alipolala, akasoma, akakua.

Kulea mtoto wa idara kulikuwa na posho. Haikuwa nyingi, lakini majirani waliijua kuliko walivyojua mishahara ya waume zao. Ikatokea siku moja, kwenye kikao cha wazazi shuleni, watu wanaombwa mchango wa madawati, na Mama Mapazia akawa anajivuta kidogo kama wenzake wote. Mama mmoja wa safu ya mbele akageuka akamwambia, "Wewe toa tu, si unalipwa kwa huyu?" Safu nzima ikacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Kikao kilikuwa kirefu, na watu walikuwa wanatafuta chochote cha kucheka. Lakini Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na wanafunzi wengine, na alisikia, na Mama Mapazia alimwona akisikia.

Kesho yake asubuhi alikwenda idarani akasema posho yao wabaki nayo. "Huyu ni mwanangu," aliwaambia. Afisa wa wakati huo alisimama akampa mkono. Angeweza kwenda mahakamani kumuasili kama sheria inavyotaka, lakini hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Kwake yeye jambo likishatamkwa mbele ya mtu wa serikali limekwisha. Hata ndoa yake ilifungwa kwa maneno matupu, na ilikuwa bado haijafunguka.

Sasa ndipo akajua kwamba siku ile alipomtangaza kuwa mtoto wake ndiyo siku alipomtoa kwenye haki zake.

*

Dada wa msaada wa sheria alikuwa na chumba kidogo nyuma ya mahakama, meza moja na viti viwili, kimoja kikiwa chake. Chiriku alisimama. Dada yule alisikiliza huku akitikisa kichwa, akakasirika kwa niaba yao, akasema idara haina ruhusa ya kumtoa mtoto mikononi mwake bila amri ya mahakama, na hapo ndipo watakaposhikia. Mama Mapazia akaanza kupumua. Kisha dada akamwomba Chiriku atoke nje.

Kulikuwa na kifungu kingine. Mtu akitamka mbele ya afisa kwamba amemfanya mtoto kuwa wake, na akaishi naye hivyo kweli, wajibu unahamia kwake, iwe kuna amri au hakuna. Mawakili wa idara walikijua kifungu hicho kwa kichwa.

"Kwa hiyo hakimu atataka kujua kitu kimoja tu," dada alisema. "Uliposema mwanangu, ulimaanisha?"

"Nilimaanisha, tena sana."

Dada alitazama mlango. "Hilo mimi sijalisikia, mama. Na siwezi kukufundisha cha kusema, ni kosa kufanya hivyo. Nakuonyesha swali tu, ili lisikukute ghafla. Ukijibu hivyo ulivyonijibu, binti harudi chuoni."

*

Nyumbani walikuwa na Baba Cheche, mume wa Mama Mapazia. Huyu alikuwa mchomeleaji wa mageti, na kwa miaka yote alifanya kazi bila kinga ya uso, akitazama pembeni, akijisifu kwamba macho yake yamezoea. Macho hayakuwa yamezoea. Sasa aliona watu kama vivuli, na mashine yake aliiuza mwenyewe ili asiisikie ikikaa bure uani. Kitu pekee kilichobaki vilevile ni ulimi.

Alieleweshwa mara ya kwanza, akataka aeleweshwe tena.

"Yaani usimame mbele za watu, uape, useme huyu si mwanao."

"Niseme nilikuwa nakataa posho tu."

"Ni yaleyale, umeyavalisha shati."

Mama Mapazia alikuwa amekaa kwenye cherehani yake dirishani, hashoni. Chiriku alikuwa sakafuni nyuma ya jokofu la jirani alilokuwa analitengeneza, ameweka skrubu kwenye kifuniko cha chupa ili zisipotee. Walizungumza mbele yake, kwa sababu katika nyumba ya namna ile hakuna pa kuzungumzia kwingine.

Baba Cheche alisema afadhali mtoto aache chuo atengeneze majokofu mtaani, lakini awe na kwao. Mkewe akamwambia kampuni hazichukui mtu bila cheti, na majokofu ya mtaani hulipwa kwa ahadi. Baba Cheche akasema Chiriku ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kliniki ya macho kila alipoitwa, sasa yeye akae kwenye benchi asikilize mtoto huyo akiitwa mgeni? Mkewe akamjibu kwamba si lazima aje.

"Nitakuja. Macho hayanisaidii, lakini masikio ninayo."

"Basi kama una njia nyingine, mume wangu, iseme. Kama una ada, itoe tuione. Mimi sitaenda popote."

Lilimtoka hivyo, na mara tu lilipomtoka akatamani kulirudisha. Baba Cheche aliinamisha kichwa, akapapasa magoti yake kana kwamba ameangusha kitu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno kama lile ndani ya nyumba ile.

Baada ya muda akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Na wewe, Chiriku, unasemaje?"

Mikono ya Chiriku ilisimama. "Nataka kumaliza chuo," alisema. Wakangoja aendelee, maana huyu hakuwa mtu wa kusema jambo moja. Akaendelea kufunga skrubu.

Siku zilizofuata Mama Mapazia alifanya mazoezi. Alikanyaga cherehani ikapiga kelele, na chini ya kelele ile akajaribu maneno. Nilipangiwa mtoto na idara. Hapo alipita vizuri. Nilimlea kama nilivyoagizwa. Hapo pia. Huyu si. Mguu ulikuwa unasimama wenyewe, cherehani inanyamaza, na pindo la pazia linabaki limekwenda upande. Alimharibia mteja mmoja kitambaa kizima, na akamrudishia pesa zake bila kubisha.

*

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na cha joto, kikiwa na feni iliyozunguka bila faida. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, asiyepoteza maneno. Dada wa msaada wa sheria alisema ya kwake vizuri: faili lilifungwa bila amri, idara ilikosea, kijana asiadhibiwe kwa kosa la ofisi. Hakimu aliandika. Ndipo wakili wa idara akasimama, mtu mwenye sauti laini, akamgeukia Mama Mapazia kama mtu aliyekuja kumjulia hali.

Alimuuliza sare za shule za binti zilitoka wapi. Mama Mapazia akajibu kwa fahari kwamba alizishona mwenyewe. Akamuuliza binti alipolazwa kwa homa, nani alikaa naye wodini. Akasema ni yeye, usiku na mchana, mpaka wauguzi wakamzoea. Idara ilikuwa imemwomba? Haikuwa imemwomba. Posho ilipokoma, chakula cha binti kilipungua? Mama Mapazia aliona swali hilo ni la kumdhalilisha, akajibu kwa ukali kwamba kwake mtoto hapimiwi chakula.

"Asante," wakili alisema, akatabasamu, na hakimu akaandika.

Hapo ndipo alipoona. Alimwona dada wa msaada wa sheria akifumba macho, akaelewa kwamba kila jema alilomtendea mtoto yule lilikuwa linaokotwa moja moja na kurundikwa dhidi yake. Kadiri alivyompenda, ndivyo ada ilivyokuwa inakwenda mbali.

Akaanza kurudi nyuma. Sare zile, alisema, zilikuwa za vitambaa vilivyobaki, vingetupwa tu. Hospitali alikaa kwa sababu hapakuwa na kazi wiki ile. Chakula hakikuongezwa sufuriani kwa ajili ya mtu, kilikuwa kilekile. Alisema uongo mmoja baada ya mwingine, uongo wa kujipunguza, na kila mmoja ulimuuma mahali pake. Nyuma yake Baba Cheche alikohoa, na mkewe alikijua kikohozi kile. Hakugeuka.

Wakili alimwacha afike mwisho. Hakuwa na haraka.

"Basi tumalizie hapo, mama. Ulisimama mbele ya afisa ukasema, huyu ni mwanangu. Hukulazimishwa. Je, ulikuwa unamdanganya?"

Mama Mapazia alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yote tayari, aliyashona na kuyafumua mara ngapi, lakini macho yake yalikwenda kwa Chiriku aliyekaa benchi la pembeni amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi asubuhi ile, na pasi hiyo aliipiga yeye. Mdomo ukabaki wazi. Hakimu akamwambia ajibu. Akasema, "Mheshimiwa, mimi," akaishia hapo.

Chiriku akasimama.

"Kaa chini, binti. Zamu yako itafika."

"Mheshimiwa, naomba nijibu mimi. Swali linanihusu."

Hakimu alimtazama juu ya miwani kwa muda, akamwonyesha kizimba kwa kalamu, akamwapisha.

"Huyu si mama yangu," Chiriku alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma ubao. "Nilipangiwa pale na idara. Namwita mama kwa sababu mtaa mzima unamwita mama. Siku aliyokataa posho alikuwa amekasirishwa na watu, akasema neno la hasira. Mimi sikuwahi kuulizwa, na sikuwahi kukubali. Wao wana ukoo wao, mimi simo. Wamenilea vizuri, nawashukuru. Lakini mimi sina kwetu, Mheshimiwa. Mwenye jukumu langu ni idara."

Wakili alianza kuinuka, hakimu akamzuia kwa mkono. Akamgeukia Mama Mapazia.

"Anayosema binti ni kweli?"

Nyuma, benchi lilisukumwa. Baba Cheche alikuwa ameinuka, anaelekea mlangoni huku akishika kiti hiki na kile, akigonga magoti ya watu na kuomba radhi. Mama Mapazia alingoja mpaka mlango ukajifunga.

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema. "Ni kweli."

*

Walishinda. Baada ya mapumziko hakimu alisoma uamuzi wake bila kupandisha sauti. Idara ilikosea kufunga faili. Mlezi hakuwahi kuwa mzazi kwa maana ya sheria, na kijana mwenyewe hakuwahi kuwa sehemu ya familia ile. Idara imlipie ada na madeni ya chuo, imwache aendelee kuishi alipo kwa kuwa ni karibu na masomo, na posho ya mlezi irejeshwe. Afisa amtembelee mara kwa mara. Ikionekana baadaye kwamba kijana ana familia ya kumtegemeza, idara ina uhuru wa kurudi mahakamani.

Yule afisa kijana alikuja akawapa mkono mmoja mmoja, amefurahi kwa dhati. Alimwambia Mama Mapazia kwamba angemsaidia tangu mwanzo kama angekuwa na njia. Dada wa msaada wa sheria alimkumbatia Chiriku, na Chiriku akakumbatiwa mikono ikining'inia.

Baba Cheche aliwasubiri nje kwenye ngazi. Kwa kawaida akitembea aliweka mkono kwenye bega la Chiriku, na Chiriku alikuwa mbele yake akimsimulia njia: shimo, ukingo, mwendesha baiskeli mjinga. Siku hiyo Chiriku alikwenda akasimama mahali pake kama siku zote. Baba Cheche akamsikia, akajua ni yeye, akangoja mkewe afike. Waliondoka hivyo, wawili wakiwa wameshikana, mmoja hatua chache mbele.

Mama Mapazia alikuwa na swali moja na hakuwa na ujasiri wa kuliuliza. Maneno mengine aliyaelewa. Yalikuwa ya mahakamani, yalikuwa kazi iliyopaswa kufanywa, na aliona wazi kwamba mtoto amemtwalia mzigo uliomshinda. Lakini lile la kwamba hakuwahi kuulizwa, hakuwahi kukubali, lilikaa. Kwa sababu ilikuwa kweli. Hakumuuliza. Alikwenda idarani peke yake, akarudi na habari, na Chiriku siku hiyo alisema nini? Alijaribu kukumbuka akakumbuka kwamba alimwambia, "Kuanzia leo wewe ni wangu," na kwamba mtoto aliuliza kama bado wanaenda kununua madaftari.

*

Chiriku alirudi chuoni. Ada ililipwa, na jina lake likarudishwa kwenye orodha ya mitihani. Alitoka asubuhi na kurudi jioni, akanawa mikono yenye grisi, akaosha vyombo bila kuambiwa, akasema asante kwa chakula. Hiyo asante ndiyo iliyomuua Mama Mapazia. Mtoto yule hakuwahi kusema asante kwa chakula. Zamani aliuliza kwa nini chumvi ni nyingi, na kwa nini sahani ya baba ni kubwa, na kama kuna kilichobaki. Tena aliacha kabisa kuwaita. Hakusema mama, hakusema baba. Alikuwa akija mpaka karibu ndipo anaanza kuzungumza, ili asilazimike kuita.

Posho nayo ilirudi. Mama Mapazia aliipokea palepale dirishani mbele ya foleni, akatia sahihi, na walikula posho ile kwa sababu hawakuwa na namna. Mtaani habari zilifika kabla yake. Mwanamke wa duka alimpongeza kwa kushinda kesi, halafu akasema kwa utani kwamba mgeni wake ana faida kuliko mpangaji. Mama Mapazia alicheka. Alikuwa amejifunza kucheka vitu vya namna hiyo.

Baba Cheche ndiye aliyekuwa wa kwanza kulainika, ingawa kwa njia yake. Alianza kuuliza hewani, bila kumlenga mtu, eti gesi ya jokofu ikivuja mtu anaijuaje. Kutoka nyuma ya pazia Chiriku akajibu kwa sentensi moja. Kesho yake akajibu kwa mbili.

Kisha afisa akaja kwa ukaguzi wake wa kwanza. Alifika Jumamosi mchana kwa pikipiki ya idara, akaiegesha getini, akakaribishwa kiti kizuri. Alitazama sebule, akatazama pazia la rangi saba, akauliza kama binti analala vizuri pale. Halafu, kwa ustaarabu wake uleule, akawaomba wampishe. Sheria inamtaka azungumze na kijana peke yake, alisema, bila walezi kusikia.

Walitoka. Walisimama uani karibu na kamba ya nguo, mlango umefungwa nyuma yao.

"Tumefukuzwa sebuleni kwetu," Baba Cheche alisema, "na bado tumemwambia karibu."

Mkewe hakucheka. Alikuwa anajaribu kusikia na hakusikia kitu, sauti ya afisa tu ikipanda mwishoni kama ya mtu anayeuliza, kisha kimya, kisha inapanda tena. Alijua kinachoulizwa mle ndani. Unakula nini, unalala wapi, wanakutendeaje. Aliwaza kwamba kama Chiriku angetaka kuhama, leo ndiyo siku ya kusema, na sheria ingempa. Angepewa kitanda kwenye hosteli ya chuo na hakuna ambaye angekuwa na haki ya kumzuia. Mikono yake ilianza kukunja shati lililokuwa bado bichi.

Mlango ulifunguka. Afisa alitoka akifunga mkoba wake, akasema mambo ni mazuri, binti anaendelea vizuri, watamwona tena baada ya miezi mitatu. Akaaga. Walimwangalia akielekea getini, akatafuta funguo mfuko huu na ule.

Chiriku alikuwa amesimama kizingitini. Alikuwa amelia, au alikuwa anajizuia.

Mama Mapazia aliweka shati chini. "Amekuuliza nini?"

"Kama nina mtu."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia sina." Halafu yakamtoka yote kwa mpigo, kwa ile kasi yake ya zamani, maneno yakigongana. "Kwa sababu nikisema ninaye watarudi kwa hakimu, watafunga faili tena, na bado nina mwaka mzima na mafunzo ya kazini, na anaandika kila ninachosema, tena amesema atakuwa anauliza swali hilohilo kila akija. Kila akija, mama. Na mimi nikae pale kwenye kiti nimtazame usoni niseme sina mama, sina baba, sina kwetu, na nyinyi mko hapa nje mnaanika nguo. Mahakamani niliweza kwa sababu niliona wewe huwezi. Sasa sijui kama nitaweza mpaka mwisho."

Baba Cheche alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta. Mama Mapazia alimwendea mtoto mpaka kizingitini, akamshika kichwa kwa mikono miwili yenye unyevu wa nguo.

"Utaweza," alisema. "Kila akija mwambie huna mtu, mwanangu. Mwambie hivyohivyo."

Alisema kwa kunong'ona, maana afisa alikuwa bado getini, pikipiki imekataa kuwaka.